Ruksa ya Bibi Jumatano

Pale Igoma, mkono wa kushoto ukiwa unaelekea Musoma, kuna benchi la mbao lililokatika mguu mmoja likawekewa tofali. Upande huu anakaa Shaibu na jiko lake la mkaa, birika la kahawa na sinia la kashata. Upande ule kuna kijana wa kuziba pancha na matairi yake yaliyochoka. Wenye benchi hawaitwi majina waliyopewa na wazazi wao. Paulo mpiga plasta ni Bunge, kwa kuwa hoja yake haifungwi. Maige fundi redio ni Sayansi, ingawa redio nyingi zikiingia kwake zinakoroma hutoka zimenyamaza kabisa. Na Luhende, fundi cherehani wa kibaraza cha pili, mtu wa kanisani asiyekosa ibada ya asubuhi, walimbatiza Amina, maana wenzake waongee kutwa nzima, yeye neno lake lilikuwa hilo moja tu. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu ni ruksa: ruksa mitumba, ruksa duka la dawa, ruksa hata mtu binafsi kufungua nyumba ya kutunza wazee. Serikali nayo, baada ya kuruhusu, ikakumbuka kutuma wakaguzi wakaone ilichoruhusu.

Siku hiyo Bunge alifika alasiri, chokaa mpaka kwenye kope. Alikuwa ametoka Buswelu, kwenye nyumba ya wazee ya masista, ambako aliitwa kupaka kuta haraka haraka kabla mkaguzi hajaingia. Hakuomba kahawa. Alikaa, akaivua kofia, akaishika mapajani kama mtu aliyetoka kuzika.

— Jamani, leo nimeona mtu anakagua, akasema.

Sayansi akamwambia ukaguzi kila mtu ameuona. Mkaguzi anaingia, anafunua sufuria, anapewa soda, anaondoka. Bunge akatikisa kichwa. Akasimulia kwamba huyu ni mama wa makamo, mnene, viatu vya chini. Chokaa yake safi hakuitazama hata kidogo. Aliomba uji wa wazee, akaunywa kwa kijiko chao, akauliza kwa nini umepoa. Kisha akavua viatu, akapanda kitandani, akalala chali, akatazama dari muda mrefu kama mgonjwa. Aliposhuka akachukua fimbo ya mzee mmoja, akafumba macho, akasema sasa ni usiku na mimi nimebanwa, naenda chooni. Akaenda hivyohivyo akipapasa ukuta. Pale penye kizingiti akajikwaa, akaanguka kwa magoti, puu. Masista wakapiga ukelele. Yeye akafumbua macho, akajipangusa, akasema kizingiti hicho kivunjwe sasa hivi nikiwa nakiona.

— Nikakivunja mimi, akasema Bunge. Nimefanya kazi pale wiki nzima, nakiruka mwenyewe, sijawahi kuwaza kuna mtu hawezi kuruka.

— Amina, akasema Luhende taratibu. Lakini sindano aliyokuwa anaitia uzi ilikuwa imesimama hewani.

Maana Luhende alikuwa na mtu kule, na pale benchini hakuna aliyejua.

Bunge akaendelea. Mwishoni mkaguzi akafika kwenye kitanda cha Bibi Jumatano. Hapo ilibidi Bunge awaeleze wenzake. Bibi huyo aliletwa siku ya Jumatano, akaachwa getini, haneni. Jina hakutaja, kwao hakutaja. Masista wakaona ni bubu, wakamwita kwa siku aliyofikia. Anafua, anapepeta mchele, anakunja mashuka ya wenzake, kimya. Macho yake mekundu, yale mekundu ya wanawake waliopikia moshi wa kinyesi cha ng'ombe maisha yao yote.

Shaibu akasema polepole kwamba macho ya namna hiyo, huko vijijini, watu wameuawa kwa ajili yake, wakiitwa wachawi.

— Sasa sikilizeni, akasema Bunge. Mkaguzi akamwamkia, shikamoo bibi. Kimya. Sista akasema huyo ni bubu, mama, tupite. Hakupita. Akapiga magoti chini kwenye saruji, na goti lake lina damu ya kile kizingiti, akamsalimia Kisukuma, akasema *mwangaluka*. Yule bibi akamtazama wee, halafu akajibu. *Mwangaluka*. Sauti nzuri kabisa, kama ya mtu aliyekuwa anaimba jana.

Kijana wa pancha aliacha kupampu.

— Halafu?

— Halafu akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akaanza kulia. Akasema kitu kimoja tu, kwamba hajaruhusiwa kusema. Basi. Hakuongeza.

Luhende alishusha sindano. Alijichoma, wala hakusikia.

Sayansi ndiye aliyedakia. Akasema jambo hilo linaelezeka kitaalamu. Sauti ni mawimbi, na kila mtu ana masafa yake kama ladio. Kwenye ulimi wa Sayansi r na l zilikuwa zinabadilishana viti. Bibi huyo pengine alipigwa na ladi utotoni, akahamia masafa mafupi. Wale masista wanamsalimia wamesimama, wanampita juu. Mkaguzi alipopiga magoti, antena ikashuka, wakakutana.

Bunge akaikataa hoja. Yeye alikuwa amewaza njia nzima. Kwa maoni yake huyo ni mke wa mtemi, mmoja wa wale wa mwisho mwisho kabla watemi hawajaondolewa. Mke wa mtemi hasemi mbele ya watu wa kawaida mpaka mtemi amruhusu. Sasa mtemi alikufa, utemi wenyewe ukafutwa, nani amruhusu? Amebaki na amri ya mtu ambaye hayupo, ya serikali ambayo haipo.

Shaibu alikuwa mtu wa Nansio, kule kisiwani, kwa upande wa mama, na mambo ya ziwani aliyaheshimu. Akasogeza birika pembeni, akasema nyinyi mnacheza. Mtu asiyeruhusiwa kusema ameweka ahadi, na ahadi ya namna hiyo haiwekwi nchi kavu. Alizama zamani, wenyewe wa chini ya maji wakamrudisha kwa sharti anyamaze. Siku akisema, maji yanamfuata alipo.

— Na leo amesema, akasema Sayansi.

Wakageuza shingo wote kuangalia upande wa ziwa, ambalo kutoka Igoma halionekani.

Luhende hakugeuka. Kichwani mwake alikuwa anasimama kwenye geti lile la Buswelu, Jumatano ile, akimteremsha shangazi yake kutoka kwenye lori la pamba. Kijijini walikuwa wamemning'inizia panga mlangoni. Alimchukua usiku huohuo, na kabla ya kumwacha akamshika mabega akamwambia: shangazi, usiseme na mtu. Ukitaja jina, ukitaja kwetu, watajua ulipo. Nyamaza mpaka nikuruhusu. Alikusudia kipindi kifupi, watu wapoe. Kisha akaogopa kufuatwa, kisha akaogopa wateja, nani atavaa gauni lililoshonwa na mpwa wa mchawi. Akawa anapeleka sukari kwa mkono wa watu. Kanisani aliomba mvua, akaombea wagonjwa na viongozi. Hilo la ruksa hakulitaja hata mbele ya Mungu. Naye shangazi huyo aliyemlea tangu anatambaa, aliyemfundisha kusema, alikuwa amemtii siku zote hizo bila kuuliza.

— Mkaguzi amepitisha nyumba? akauliza. Wote wakamtazama, Amina alikuwa ameuliza swali.

Bunge akajibu kwamba hajapitisha. Mkaguzi alisema hawezi kuandika kwamba watu wa humu wako salama wakati mmoja wao hajulikani ni nani wala nani amemfunga mdomo. Akishindwa kupata ukweli, nyumba itafungwa, na kila mzee atarudishwa kwao.

Kwao. Luhende akaliona lile panga likitikisika kwa upepo.

Hapo ndipo Landrova ya serikali ilipoingia ikichechemea, gurudumu la nyuma limelala. Dereva akamwita kijana wa pancha. Mlango wa pili ukafunguka, akashuka mama mnene mwenye viatu vya chini na kitambaa kimefungwa gotini. Bunge alisimama kabla hajaambiwa. Sayansi akampisha nafasi, na Shaibu akasuuza kikombe mara mbili.

— Shikamoo mzee wangu, akasema yule mama kwa Shaibu, peke yake aliyestahili, na wengine akawapa za kazi. Akanywa, akasifu kahawa. Alipomtambua Bunge kwa chokaa, akamshukuru kwa kizingiti.

Bunge hakuweza kujizuia. Akamwambia tunalo jibu la yule bibi, tena matatu. Yule mama akasikiliza yote, masafa mafupi, mke wa mtemi, maji ya Nansio, wala hakucheka. Mwisho akasema:

— Inawezekana. Mimi shule yangu si kubwa kiasi cha kukataa. Lakini nataka kuuliza dogo tu. Huyo aliyemkataza, alimwambia mpaka lini?

Bunge akaivaa kofia yake, akaivua tena. Shaibu akainamisha birika juu ya kikombe cha mtu, likatoa matone na mashapo, halafu basi.

— Hakumwambia, mama, akasema Luhende.

Ilikuwa sauti ndogo, ila benchi zima liliisikia.

— Sikumwambia. Nilisema mpaka nikuruhusu, halafu sikwenda. Anaitwa Kashindye, binti Ngosha. Ni shangazi yangu mimi, na macho yake ni ya moshi.

Akangoja kutukanwa. Kijana wa pancha peke yake ndiye aliyesikika, akigonga rimu. Yule mama alimtazama kwa muda, si kwa ukali, kama alivyotazama ile dari akiwa amelala chali.

— Unajua, Fundi, akasema, mimi nimekagua pale asubuhi moja. Nimeona kizingiti. Shangazi yako amekaa miaka, anakunja mashuka, ameona nani anageuzwa usiku na nani anaachwa, nani anapewa maji. Hakuna aliyejificha mbele yake, wote walimdhani bubu. Mkaguzi wa nyumba ile ni yeye. Nitaandika atakayosema.

— Na akisema ni pabaya?

— Nitapafunga, na nitamtafutia pengine. Kwao hatarudi, hilo niachie mimi. Ila hatasema mpaka umruhusu.

Luhende akashika futi yake iliyokuwa shingoni, akaivua, akaikunja, akatafuta pa kuiweka. Shaibu akaipokea.

— Nenda, mwanangu. Cherehani tutaiingiza ndani.

Gurudumu lilikuwa tayari. Dereva akageuza gari lielekee lilikotoka. Luhende akapanda, akakaa ameshika magoti, na kupitia dirishani wakaona midomo yake inachezacheza. Hawakujua kama anaomba au anajifunza jinsi ya kulisema neno lile la ruksa, ambalo mjini kila mtu alilitupa hovyo, kwa mtu mmoja aliyelingoja.

Vumbi lilipotua, Sayansi alimtazama Bunge, akitegemea hoja.

— Amina, akasema Bunge.