Kadi ya Mama Mbawala

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, muuguzi mkunga Esteria Mbawala anastaafu tarehe 30 Juni 2026. Alianzia zahanati moja huko Madaba, akahamishiwa hapa Songea, na tangu hapo kituo chetu cha afya hakijajua kusinzia mchana.

Jambo aliloshikia bango ni moja: wanawake wapimwe saratani ya mlango wa kizazi kabla haijawaletea maumivu. Alikuwa amechoka kuwapokea waliochelewa. Mwaka 2015 tulikosea, tukapanga kliniki ya mkoba, ile ya kuwafuata watu vijijini, huko Namtumbo katikati ya msimu wa tumbaku, na hakuja mtu. Mama Mbawala aliwafuata kwenye mabani ya kukaushia, akaketi kufunga majani nao huku akifundisha. Mafungu yake yalifumuka yote, wenyeji wakamcheka waziwazi.

Hapo mkulima mmoja, Bi. Zena, akamuuliza: "Nesi, sasa wewe mwenyewe umeshapima?" Miaka minne alikuwa akilifundisha somo hilo, na alikiri kuwa bado. Wanawake wakarudi kwenye tumbaku yao. Siku hiyo hakupimwa hata mmoja.

Kesho yake asubuhi aliingia chumba changu cha uchunguzi hapa kituoni, akapanda kitandani, akaniamuru nifanye kazi. Nilipaka siki kwenye mlango wa kizazi, maana siki hugeuza sehemu yenye kasoro kuwa nyeupe, nikaona doa jeupe. Niliogopa sana, nakiri. Yalikuwa mabadiliko ya awali, hayajawa saratani, na nilimtibu asubuhi ileile.

Angeweza kunyamaza. Wengi wetu tungenyamaza. Yeye alirudi kule bani na kadi yake ya kliniki, akawasomea majibu yote, doa na matibabu. Wiki hiyohiyo Bi. Zena alikuja kupimwa na wenzake kumi na mmoja, naye akakutwa na doa, akatibiwa. Leo yumo humu ukumbini na binti zake wawili, na wote wameshapima. Tangu hapo kila somo la Mama Mbawala lilianza na kadi ile, hata mbele ya wazee wa kanisa, waliotazama dari.

Mama, asante kwa ukali wako na ukweli wako. Upumzike vizuri, mahindi yako yastawi, na simu ya zamu isikuamshe tena. Ila kadi yako inasema unarudi kwa uchunguzi tarehe 14 Agosti, na tarehe hiyo niliiandika mimi. Uje saa mbili asubuhi, upange foleni kama wengine.