Mama Alivyopiga Magoti Tena

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu, na Bwana asifiwe hapo mlipo. Mimi Zakaria wa Mugoma ni mtu asiyeshangazwa na kitu. Nimeona wakimbizi wakivuka mpaka na magodoro kichwani. Asubuhi ni pori, jioni ni mji mzima unafuka moshi. Wenzangu walisimama wakishangaa. Mimi nilipeleka ndizi. Niliishia darasa la tatu na sikurithi hata jembe, lakini kwa kuuza ndizi na maharage kwenye kambi yao nilipata nyumba ya bati, duka na pikapu. Nikajiona nimeshamaliza mambo ya dunia.

Yakabaki magoti ya mama yangu.

Mama alinilea kwa vibarua, analima mashamba ya watu mpaka Kirushya. Nilipopata, nikaapa kwamba hatashika jembe tena wala hatatembea kwa miguu. Mafuta ya kupikia yaliyotoka kambini nilimletea kwa madebe. Ndizi zikaangwe, nyama ikaangwe, hata maharage yaogelee. Soda, kreti baada ya kreti. Mama akanenepa, watu wakawa wanasema, "Huyu kweli ana mtoto." Nilipenda sana kuyasikia hayo.

Kisha magoti yakaanza kumuuma. Kuinuka kitandani ni kilio, kwenda uani ni kushika ukuta. Kanisani kwetu meza ya Bwana hupokewa kwa kupiga magoti, na yeye ndiye aliyewatangulia akina mama tangu mimi sijazaliwa. Akashindwa. Nikanunua kiti cha sofa, nikakibeba mwenyewe mpaka mbele, apokee ameketi. Kanisa zima lilikiona kile kiti. Mama aliinamisha uso.

Nikampeleka kwa mkandaji wa kule Kaniha. Nikampeleka hospitali kule Biharamulo. Daktari akambonyeza magoti, akasema yamesagika kwa umri, na uzito unayaongezea mzigo. Vidonge vitatuliza tu.

"Mama apungue mwili," akasema. "Mafuta na sukari kidogo, mboga kwa wingi, na atembee kila siku kadiri anavyoweza."

"Daktari, mimi si maskini. Niandikie dawa ya bei kubwa."

"Ndiyo hiyo nimekupa," akasema, akacheka.

Nikaona huyu hajui kazi.

Mama alikuwa na rafiki, Bibi Yosefa, mkimbizi kutoka Burundi, aliyekuja kijijini kwetu kuuza mikeka ya mafunjo. Mimi namwamkia vizuri, "Shikamoo bibi," yeye akiitikia marahaba huku akizitazama zile kreti za soda. "Zakaria, mama yako unamchinja lini? Naona ameshanona." Wanacheka wote wawili, mama ameshikilia goti.

Siku moja mchana nikaingia na debe la mafuta begani, nikamsikia mama anaomba chumbani.

"Bwana, nakushukuru kwa mwanangu. Ananipenda. Sasa mfundishe kunipenda kwa kiasi. Mwondolee yale madebe, nami unirudishie nguvu ya kupiga magoti mbele zako kabla sijafa."

Ndugu zangu, nilisimama pale na debe langu, likawa zito.

"Mama, unanishitaki kwa Mungu?"

"Nikushitaki kwa nani tena? Daktari hukumsikia. Mimi nikikataa chakula, unanuna."

"Watu wakikuona unakula mchicha watasema Zakaria amefilisika."

"Waseme. Wao wana magoti yao."

Nikalirudisha debe dukani. Hapo ndipo Bwana alipotufungua, mama na mimi.

Zikaja ndizi za kuchemsha, sahani ndogo, na maharage, mchicha wetu wa lengalenga, samaki mara mojamoja. Chai bila sukari. Sasa ikawa zamu yake kununa. Alisema chai ile ni maji ya kuoshea vikombe. Bibi Yosefa akaja kumtembeza, kila mmoja na fimbo yake. Kwanza mpaka mwisho wa migomba, kisha kisimani, hatimaye kanisani. Mimi nikiwafuata nyuma na pikapu polepole, wasije wakachoka. Mama akageuka: "Nenda kauze ndizi."

Mvua zikanyesha zikaisha. Magauni yakapelekwa kwa fundi kupunguzwa. Sitadanganya kwa jambo la Mungu: asubuhi za baridi magoti bado yanamuuma, hayajawa ya msichana. Lakini Jumapili moja nilikuwa nakipeleka kiti mbele kama kawaida, mama akakipita. Akaweka fimbo chini, akashika mbao za madhabahu, akashusha goti moja, akashusha la pili. Alipokwisha kupokea akainuka mwenyewe. Na mimi nisiyeshangazwa na kitu nimesimama katikati ya kanisa na sofa mikononi, machozi yananitoka.

Namshukuru Mungu. Ndugu yangu unayesoma, kama mama yako analia na magoti, mtumaini Bwana, msikie daktari, na mwache mama achague sahani yake. Mungu anajibu, hata kupitia lengalenga.

Baada ya ibada nikamwambia mama mbele ya watu aombe chochote, nitoe sadaka ya shukrani. Nilifikiria ng'ombe, au bati za kanisa.

"Sofa mpe Yosefa," akasema. "Mimi ninunulie mkeka. Sementi ile ni baridi."

Bibi Yosefa alikuwa nao kwapani. Nikatoa noti kubwa, nikamwambia chenji abaki nayo. Mama akanishika mkono.

"Lipa bei ya watu wote, mwanangu."

Nikalipa. Shilingi mia sita na hamsini.