Mikono ya Brightson Mwaipopo

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Mtoni na ndugu mliotoka mbali, familia imeona mpendwa wetu asizikwe kabla ukweli wake haujasemwa, kwa sababu tangu msiba uanze yamenong'onwa mengi.

Brightson alizaliwa tarehe 9 Mei 1986 huko Tukuyu, mtoto wa pili wa marehemu mzee Fredrick Mwaipopo na mama Atuganile, na angali mchanga mama yake aliona kwamba vidole vya kulia vikikunjwa, vya kushoto navyo vinafuata, akanyamaza, maana baba mzazi wa mama huyo alikuwa na mikono ya namna hiyo na kijijini aliitwa mchawi hadi anaingia kaburini.

Alianza darasa la kwanza Temeke mwaka 1994, akachapwa sana, kwani alipoandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto uliandika hewani, mwalimu akadhani anadhihakiwa. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2004, na mwaka 2008 akaajiriwa karani katika yadi ya makontena Kurasini, akazoea kuuficha mkono wa kushoto mfukoni.

Tarehe 15 Juni 2013 alifunga ndoa na Vaileth, mwalimu wa chekechea, aliyembembeleza mpaka wakaenda hospitali, ambako daktari aliwaeleza kwamba mtoto akiwa tumboni, vinasaba ndivyo vinavyoielekeza mishipa ya fahamu, upi uvuke upande wa pili wa mwili na upi usivuke, na kwa Brightson kinasaba kimoja kilikosea maelekezo, kwa hiyo amri ya mkono mmoja inafika kwenye yote miwili.

"Na watoto?" Vaileth aliuliza.

"Kila mtoto ni nusu kwa nusu kukirithi, ingawa wapo wanaokibeba bila mikono kuigana," daktari alijibu, "na mumeo asipande ngazi ndefu."

Gladness alizaliwa mwaka 2015, mikono yake haikuigana, Vaileth akashusha pumzi, lakini Fredrick, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 2019, siku moja alikuwa akichora nyumba, na vidole vya mkono wake wa pili vikawa vinaichora nyumba hiyo hiyo juu ya meza tupu, Brightson akamtazama hadi akamaliza.

"Huyu naye ana mikono yangu," alimwambia mkewe. "Mama yangu tusimwambie kwanza."

Tangu hapo alianza kujifunza kupanda ngazi pale kazini, kidogo kidogo, na Vaileth alipomsihi aache, alisema, "Mama Gladness, nikiweza mie, na yeye ataweza."

Asubuhi ya tarehe 11 Agosti 2025 alipanda ngazi kukagua lakiri inayofunga mlango wa kontena la juu, na dereva Marselino, aliyesimama chini ya ngazi, alimwona akiachia mkono wa kulia ili ashike juu zaidi, na wa kushoto nao ukaachia, akaanguka; hakusukumwa na mtu, wala hakulogwa.

Alivunjika uti wa mgongo, akashikwa na kichomi, akafariki tarehe 2 Septemba, akiacha mama, mjane na watoto wawili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliolala nasi hapa, na wafanyakazi wenzake wa yadi.

Vaileth anaomba asiwepo wa kumcheka Fredrick wala kumwita mchawi, na anaomba mumsaidie kumchunga, kwa sababu leo asubuhi mtoto huyo amemuuliza ni lini na yeye ataanza kupanda ngazi kama baba yake.

Brightson, Bwana akupumzishe kwa amani.