Mwizi Tulimjua kwa Adabu Yake

Mgeni rasmi, Bwana Kinoti, meneja wa tawi la benki yetu, Bwana Chifu, Mama Zuleka mwenye duka la vitambaa, mafundi wenzetu, pamoja na nyinyi wateja ambao nguo zenu hazijaisha na mmekuja kutuvizia hapa hapa: hamjambo nyote.

KARIBU SOKONI

Sisi mafundi nguo wa soko la Runyenjes tunakupokea kwa mikono miwili. Tunajua safari yako haikuwa fupi. Kutoka mlango wa benki yako hadi hapa ni kuvuka barabara tu, lakini tangu tukualike mara ya kwanza, mahindi yamepandwa, yamevunwa na yameliwa. Muhimu ni kwamba umefika.

Fulana mlizotugawia asubuhi, zile zilizoandikwa JILINDE NA MATAPELI, tumezipokea kwa shukrani. Chache zilikuwa zimefumuka kwapani. Tumezishona, na hatutawatoza.

SISI NI AKINA NANI

Tulianza chini ya turubai moja lililovuja, kila mtu na cherehani yake ya miguu. Leo tuna vibanda vya mabati na stima, stima ikipenda. Tunashona sare za shule, magauni ya harusi, na suti za wanasiasa ambao hupimwa kabla ya uchaguzi na kuja kupanuliwa baadaye.

YALIYOMPATA MWENZETU

Mgeni rasmi, barua yako ilituomba tutoe “mwathiriwa mmoja atakayeeleza makosa yake.” Tumemleta. Ni Ciakuthii, huyu mnayemwona safu ya mbele na kilemba cha manjano. Amekataa kushika kipaza sauti, lakini ameturuhusu tusimulie. Risala hii ameipitia mwenyewe, na kila mahali tulipomwonea huruma kupita kiasi, amepiga mstari.

Ciakuthii hushona sare. Mkono wake ni safi, ila hakuwa na ovaloki, ile mashine ya kufunga pindo ili nyuzi zisichomoke. Wazazi walianza kunung'unika. Mmoja alimletea kaptura iliyochanika, akaiweka mezani kama mtu anayeweka samaki aliyeoza. Ciakuthii hakulala vizuri siku hiyo.

Basi akaiona ovaloki kwenye simu. Mpya, nusu ya bei ya madukani, na chini yake saa nyekundu ikihesabu kurudi nyuma: wahi, ofa inaisha! Duka lilikuwa na picha nzuri na sifa tele za wateja. Hakuona kwamba wateja wote walisifu kwa maneno yale yale, wala kwamba duka halikuwa na anwani. Aliona saa. Akaandika jina tunalomwita, Mama Joyline, namba ya simu, namba za kadi, na zile tatu za mgongoni mwa kadi.

Mara simu ikalia. Kijana mwenye sauti ya asali.

“Shikamoo mama. Ni wewe Mama Joyline?”

“Marahaba. Ni mimi.”

“Pole kwa usumbufu, mama yangu. Mashine yako iko tayari kupakiwa. Kuna ujumbe umeingia kwa simu yako sasa hivi, una namba. Nisomee tu, ndio niithibitishe.”

Ujumbe ulikuwa umeingia kweli, kwa Kiingereza. Namba zilikuwa juu, kubwa. Onyo la kutompa mtu namba hizo lilikuwa mwisho kabisa, mahali ambapo hata sisi tulio na miwani hatufiki. Ciakuthii akasoma namba moja baada ya nyingine, tena polepole ili kijana asikosee.

“Asante mama, Mungu akubariki,” kijana akasema.

Akaunti ikafagiliwa karibu yote. Ile ilikuwa pesa ya vitambaa vya muhula mzima.

Alipoona, akapiga namba yenu. Mgeni rasmi, tunasema bila kutia chumvi: muziki wenu ni mzuri. Ciakuthii aliusikiliza mpaka akaujua, na kila baada ya muda mwanamke fulani alimwambia simu yake ni ya maana sana kwenu. Wakati huo wote kadi ilikuwa wazi, na mkora akarudi kukomba kilichobaki.

Akavuka barabara mbio. Askari mlangoni akamwambia achukue tiketi ya foleni. Alipofika kaunta, karani wako akamsikiliza nusu, kisha akauliza kwa sauti ya mnadani: “Kwani mama, ulimpa mwizi namba ya siri *wewe mwenyewe*?”

Foleni nzima ikageuka. Palikuwa na wazazi, wateja wake. Palikuwa na mchungaji wake. Ciakuthii akajibu, “Ndio,” akajaza fomu ya malalamiko akiwa ameinamisha kichwa.

Nyumbani alimwambia mumewe, Mzee Kinyua, kwamba mashine iko njiani. Mzee alipouliza tena, ikawa imefika Makutano. Baadaye ikakwama kwa mvua. Mashine hiyo, ambayo haikuwahi kuwepo, ilisafiri kuliko sisi sote. Kibandani alifunga pindo kwa sindano ya mkono hadi vidole vikavimba, na tukimuuliza ana nini, alisema ni baridi. Akakonda. Sisi tuliokaa naye ukuta kwa ukuta hatukujua, na hilo ni letu, si la benki.

Kisha simu ikalia tena, mchana, sote tukiwepo. Sauti nyingine, ya kiungwana zaidi.

“Habari yako Mama Joyline. Napiga kutoka benki, kitengo cha kurejesha pesa. Kwanza tunakuomba radhi sana kwa yaliyokupata. Halikuwa kosa lako.”

Ciakuthii akaketi. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia hivyo. Machozi yalimlengalenga.

“Tunakurudishia pesa yako yote leo. Utapata ujumbe wenye namba. Nisomee tu...”

Ujumbe ukaingia. Ametuambia kwamba mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ghafla akauliza, “Wewe umesema ni wa benki gani?”

Akatajiwa benki yako.

“Ile yetu ya hapa? Na umenipigia mwenyewe? Na umeniomba radhi?”

“Ndio, mama yangu.”

“Wewe ni mwizi!” Ciakuthii akapaza sauti, akasimama hadi kiti kikaanguka. “Benki yangu haijawahi kuniongelesha hivi!”

Akakata simu. Ndipo akatueleza yote, akiwa amesimama, mbele ya wateja, bila kushusha sauti. Alipomaliza, Ndwiga, katibu wetu huyu anayesoma, ambaye hujifanya mjanja wa mitandao, akakohoa akasema naye aliwahi kununua viatu na akaletewa soksi. Mama Zuleka akasema, “Mimi niliuziwa jokofu la picha.” Kumbe soko zima lilikuwa limeibiwa, kila mtu peke yake, kwa siri.

Jioni hiyo alimwambia Mzee Kinyua ukweli. Mzee akasema, “Afadhali. Nilidhani unataka kuniacha.”

MAFANIKIO

Tangu siku hiyo hakuna fundi anayenunua kitu mtandaoni kabla ya kumwonyesha mwenzake. Namba inayoingia kwa ujumbe hatumsomei mtu, hata akijiita malaika. Tunausoma ujumbe wote tuone ni pesa ngapi na zinakwenda kwa nani. Duka tusilolijua tunalilipa mzigo ukifika. Kadi ya kununulia tumeitenga, ina kidogo tu ndani, na ile yenye jasho letu haiandikwi popote. Saa nyekundu tunaiacha ihesabu mpaka ichoke.

Ovaloki aliipata mjini Embu, iliyotumika, baada ya kuijaribu kwa mguu wake mwenyewe. Inapiga kelele kama trekta, lakini inafunga pindo.

CHANGAMOTO

Barua yenu ya majibu ilisema pesa haitarudi kwa sababu ya “uzembe wa mteja.” Muziki wa simu haukutajwa.

MAOMBI

Tunaomba onyo litangulie namba, na liwe kwa Kiswahili. Tunaomba namba moja ya kufungia kadi ambayo hupokelewa na binadamu. Tunaomba kesi ya Ciakuthii ifunguliwe upya, hasa kile kilichoibwa akiwa anawasubiri.

Ombi la mwisho ni lake, na ametukataza kulipamba. Anataka karani yule amwombe radhi: kaunta ile ile, siku ya soko, foleni ikiwa imejaa, na kwa sauti ile ile. Pesa ikichelewa, hilo lisichelewe.

Mungu akulinde, mgeni rasmi, akupe sikio la kusikia simu ikilia, nasi atupe mkono mwepesi wa kuikata inapobidi. Aibariki Runyenjes, azibariki sindano zetu.

Ni sisi, Mafundi Nguo wa Soko la Runyenjes. Imesomwa na Ndwiga, katibu, mbele ya Ciakuthii, ambaye hajainamisha kichwa.