Mzee Ansbert Rwegoshora na Kuta za Muwa Mgumu

Tumekusanyika Mbagala, leo Jumanne tarehe 11 Novemba 1980, kumzika Mzee Ansbert Rwegoshora. Kabla hajafukiwa ni haki yake asemwe alivyokuwa, maana wiki hii amesemwa sana asivyokuwa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1930 huko Kashozi, Bukoba, mtoto wa tatu wa Polikarpo na Demetria. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane. Mwaka 1943 alichapwa viboko kumi na viwili kwa kumwuliza mwalimu kwa nini fimbo haivunjiki. Alisema baadaye kwamba jibu alianza kulitafuta akiwa bado ameinama.

Alifika Dar es Salaam mwaka 1953, akaajiriwa kuosha chupa katika maabara ya kilimo. Uhuru ulipopatikana alipewa meza ya Mzungu aliyeondoka, pamoja na kofia aliyoisahau. Kofia haikumtosha, kazi ilimtosha. Alifunga ndoa na Apolonia tarehe 7 Julai 1956, Kinondoni. Bwana harusi alichelewa saa nzima kwa sababu alikuwa anasubiri kitu kichemke.

Mwaka 1975 aliacha kazi akajiunga na kijiji cha ujamaa hapa Mbagala, akakabidhiwa bonde la miwa. Mwaka uliofuata mashine ya kukamulia ilimnyofoa vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alivifunga kwenye kitambaa, akamaliza kukamua, ndipo akaenda hospitali.

Kilichomwua kilianza Aprili 1979. Binti yake Sesilia, mkunga wa zahanati ya Kimbiji, alifika nyumbani na gauni lililokaukiwa damu ya mama mmoja aliyefia juu ya kitanda cha kamba, akibebwa na wanaume wanne kwenda hospitali.

"Gari la zahanati lipo, baba," alisema. "Mafuta ndiyo hamna."

Kesho yake Mzee alianza kutwanga makapi ya miwa, ili ayageuze spiriti ya kuendeshea gari.

Majirani walimshangaa. Kwa nini asichachushe juisi, iliyo rahisi? "Juisi watu wanakunywa," alisema. "Sukari yenyewe mnaigombea foleni mpaka mnang'oana meno. Makapi yaliwe na gari."

Kwa wasiojua, muwa umejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kuta za vyumba hivyo zimefumwa kwa sukari iliyofungwa minyororo, kisha zikakandikwa gundi ngumu kama saruji. Sukari hiyo haitoki kwa kubembelezwa. Mzee alizitwanga kuta hizo kinuni, akazichemsha kwa asidi ya betri, akaituliza asidi kwa chokaa, ndipo akatia hamira ichachuke, akakusanya spiriti kwa mvuke. Asidi ilimlia suruali tatu na sehemu ya paja.

Kosa lake lilikuwa la uzalendo. Mwaka mzima alitumia muwa mwekundu, ule uliosifiwa na kijiji kizima kwa kuwa upepo hauuangushi wala funza hawautoboi. Hakupata cha maana. Muwa unaosimama imara una saruji nyingi, na kinachouzuia kuanguka ndicho kinachouzuia kutoa sukari ya ukutani. Alipojaribu muwa mweupe, unaolala chini mvua ya kwanza tu, gunia la makapi lilitoa spiriti karibu mara mbili. Alipeleka habari hiyo kwenye mkutano wa kijiji.

"Mzee wangu," mwenyekiti alimwambia, "hatuwezi kupongeza muwa mlegevu."

Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, mgambo wanne walivamia banda lake wakitafuta gongo, pombe kali ya magendo. Walimshukia kwa rungu mgongoni, wakavunja mitungi mitatu.

"Hiyo siyo ya kunywa, wanangu," alisema akiwa chini.

"Kila mpika gongo ananiambiaga hivyo hivyo," alijibu kiongozi wao, Jabiri.

Kisha Jabiri akafanya kile ambacho mgambo hufanya kuthibitisha gongo: aliwasha kiberiti aone kama itawaka. Kwa kawaida hufanyika nje, juu ya kijiko. Jabiri alikuwa ndani, juu ya pipa la spiriti lililo wazi. Mzee alimrukia, akamsukuma nje kwa kifua, pipa likalipuka, na moto ukamkuta Mzee mwenyewe. Bati la paa limeokotwa shamba la pili.

Aliishi siku tatu hospitalini bila ngozi ya kutosha. Jumamosi alimwuliza Sesilia, "Dumu la uvunguni lipo?"

"Lipo, baba."

"Msilinywe."

Alifariki Jumapili tarehe 9 Novemba, saa tatu asubuhi. Kumpeleka Bukoba kunahitaji mafuta ambayo nchi haina, ndiyo maana analala hapa.

Jana mchana Land Rover ya zahanati ya Kimbiji ilimleta kutoka hospitali kwa spiriti yake mwenyewe ya lile dumu, baada ya fundi kupanua tundu la kabureta. Ilikohoa Keko, ikazimika Mtoni. Jabiri, ambaye mikono yake yote miwili ina bandeji, aliisukuma kwa bega. Ikawaka. Ikafika.

Marehemu ameacha mjane, Mama Apolonia. Watoto watatu, Sesilia, Wilbert na Felicitas. Na wajukuu watano. Ameacha pia lita kumi na nne za spiriti. Sesilia anaondoka nazo tukishamaliza kufukia, kwa sababu Kimbiji kuna mama wa mapacha ambaye siku zake zimetimia. Wenye hotuba ndefu mnaombwa radhi.

Mzee Ansbert, lala kwa amani. Gari liko tayari.