Daftari la Saa Mbili

Ndugu waombolezaji, marehemu kaka yetu, mliyemwita Saa Mbili kwa sababu taarifa ya habari ikianza hakuna aliyethubutu kukohoa sebuleni kwake, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1962, nyumba ya nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa pili wa fundi bomba na mshona nguo.

Alianza shule ya msingi Januari 1969, akamaliza sekondari Novemba 1979, na tarehe 4 Februari 1985 akaajiriwa na kituo cha televisheni, kitengo cha watazamaji, akigawa madaftari nyumba kwa nyumba ili kila familia iandike inatazama nini na wako wangapi.

Tarehe 12 Desemba 1987 alimwoa shemeji yetu, mkunga, wakajaliwa mvulana na mabinti wawili, na mvulana huyo alipokua marehemu mwenyewe alimwombea kazi ya kupiga picha pale pale kituoni.

Mei 2016 kijana aliacha kazi, akafungua chaneli yake mtandaoni ya video za mafundi wa mitaani, na marehemu, ambaye hakuwa mtu wa kumung'unya maneno, alimwambia mbele ya wageni kwamba amewageuka waliomlea, na tangu siku ile hata chumvi mezani waliombana kupitia kwa mama.

Tarehe 17 Agosti 2019, akijaza daftari la nyumba yake, aliandika watazamaji wanne kama kawaida, yeye, shemeji na mabinti wawili, kisha akainua kichwa, naye macho yalikuwa daftarini, akawaona wale watatu wameinamia simu, wanatazama chaneli ya kijana, na televisheni inajisemea peke yake, akakata wanne, akaandika sifuri, maana alielewa kwamba miaka yote hiyo alihesabu televisheni zilizowashwa, si watu.

Alirudia hesabu mtaa kwa mtaa, akaandika ripoti ya kweli, akakataa kuipunguza makali, na kwa ripoti hiyo, Januari 2020 watu ishirini na sita wa kituo wakapunguzwa kazi, yeye akiwamo. Baadhi yao mko hapa, mlimnyima salamu, na ilimwuma sana.

Aliugua figo tangu Machi 2023, akalazwa tarehe 20 Mei 2024, akafariki tarehe 2 Juni saa nne asubuhi, wakati mwanawe, aliyefika kila siku na kuishia mlangoni, amekaa kwenye benchi la nje.

Chini ya mto lilikutwa daftari, na wewe kijana wake, uliyekaa hapo mstari wa mbele, hili hukuambiwa: tangu Agosti ile baba yako aliandika video zako zote, tarehe kwa tarehe, na kwenye safu ya watazamaji ni mmoja, mmoja, mmoja, hadi ukurasa wa mwisho, tarehe 1 Juni, alipoandika: "Wawili, mimi na muuguzi."

Tunawashukuru madaktari, muuguzi huyo, majirani waliobeba viti, na wenzake wa kituoni, waliomsalimu na wasiomsalimu.

Pumzika kwa amani, kaka, mwanao amesikia.