Isaka Ntundu na Bamba la Shaba la Mwaka 1936

Ndugu waombolezaji, wachungaji na masheikh mliofika, hii ndiyo njia aliyopita Isaka Ntundu, kama familia inavyoijua.

Alizaliwa Kilimatinde tarehe 14 Machi 1909, mtoto wa kwanza wa Mzee Ntundu na Mama Lea, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na mwaka 1925 akaajiriwa katika kiwanda kidogo cha chapa hapo hapo Kilimatinde, ambako fundi mzee wa Kizungu alimwonyesha picha za Ulaya za karne ya kumi na nane, zilizochongwa kwa ncha ya chuma kwenye bamba la shaba, likapakwa wino, likakandamizwa kwenye karatasi yenye unyevu, zikatundikwa madirishani mwa maduka ili hata asiyejua kusoma aone wakubwa wakilewa na wanyonge wakinyongwa. Kazi hiyo Isaka aliisomea miaka saba.

Tarehe 6 Juni 1933 alimwoa Raheli, wakajaliwa Redempta na Simeoni.

Tarehe 9 Agosti 1936 mdogo wake Filipo, mchimbaji katika mgodi mmoja upande wa Sekenke, alidhaniwa ameficha dhahabu, msimamizi akamfunga kwenye gogo, akamchapa kiboko mbele ya wenzake hadi akakata roho, kisha ikasemwa ni homa. Isaka ndiye aliyeuosha mwili, akakuta mgongo hauna ngozi, akarudi kiwandani akauchonga mgongo ule kwenye shaba, jeraha kwa jeraha, na uso wa msimamizi juu yake, akatoa nakala arobaini, akazibandika sokoni na njia yote ya Sekenke.

Watu wanne wa msimamizi walimvamia kazini, wakamvunja mbavu kwa rungu, wakamuuliza, "Nani kakutuma kuchapa haya?"

Akawajibu, "Mlioanza kuchapa ni ninyi."

Wakauingiza mkono wake wa kulia kwenye rola za mtambo, wakazungusha, vidole vitatu vikasagika.

Hata hivyo nakala moja ilimfikia hakimu, kaburi likafukuliwa, msimamizi akafungwa miaka tisa. Isaka alijifunza upya kwa mkono wa kushoto, akafanya kazi hadi mwaka 1955, kifua kilipomzidi, akafariki tarehe 2 Juni 1957 nyumbani kwake Mandewa, mikononi mwa Raheli.

Tunawashukuru madaktari waliomhangaikia, majirani wa Mandewa, wafanyakazi wenzake, na zaidi ya wote akina mama wa Kilimatinde, ambao siku ile waliacha vinu vyao, wakaingia kiwandani na michi, wakawatwanga wale wanne hadi wakakimbia, wakauchomoa mkono wa ndugu yetu kwenye chuma.

Baba Redempta, pumzika sasa, amani iwe nawe.